UZI: Koa wa bahari si ukoo mmoja, na konokono wetu wa Dodoma wamo ndani ya mti huo huo

Makulu_Baiolojia (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Vitabu vingi vya baiolojia vinavyozunguka madarasani bado vinagawa gastropoda (konokono na koa wote) mafungu matatu: Prosobranchia, Opisthobranchia na Pulmonata. Mgawanyo huo ni wa karne ya 19. Pulmonata ni jina la Cuvier, mtaalamu wa wanyama wa Ufaransa. Mwaka 1848 Mfaransa mwenzake, Milne-Edwards, akatenganisha Prosobranchia na Opisthobranchia kwa kuangalia kama matamvua yako mbele au nyuma ya moyo. Prosobranchia imekwishavunjwa siku nyingi. Opisthobranchia nayo haisimami tena kama kundi la asili, na ndiyo ninayotaka tuijadili kwa kina, maana ndimo walimopangwa koa wa bahari.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kukosa ganda si ushahidi wa udugu. Koa anayetafuna mchicha Kikuyu au Area D, hapa Dodoma mjini, mvua za Desemba zikianza ni ndugu wa karibu zaidi wa Elysia, yule koa wa kijani wa baharini, kuliko Elysia mwenyewe alivyo ndugu wa Hexabranchus, yule mwekundu mkubwa anayeogelea kwa kupepea kingo za joho lake, ile ngozi inayofunika viungo vya ndani. Macho yanakataa, lakini DNA, mfumo wa neva na lava (mtoto aliyeanguliwa ambaye bado hajabadilika umbo) vyote vinaelekea huko.

Picha kubwa ni hii. Kwa mpangilio wa Bouchet na wenzake wa 2017, ngeli ya Gastropoda ina ngeli ndogo sita: Patellogastropoda, Neomphaliones, Vetigastropoda, Neritimorpha, Caenogastropoda na Heterobranchia. Kauri wanaotoa kete wamo Caenogastropoda. Karibu koa wote wa bahari, pamoja na konokono wengi wa nchi kavu, wamo Heterobranchia. Ndani ya Heterobranchia kuna tawi kubwa linaloitwa Euthyneura, na matawi yake yanayotuhusu yamepangana hivi:

Ringipleura
— Ringiculoidea (wadogo, wana ganda nene, hufukia mchangani)
— Nudipleura (Nudibranchia pamoja na Pleurobranchida)

Tectipleura
— Euopisthobranchia (Aplysia na jamaa zake, Bulla, Philine, Umbraculum, pamoja na pteropoda waogeleao)
— Panpulmonata (Sacoglossa, Siphonaria, Acochlidia, Pyramidellidae, konokono wa majini kama Bulinus, Onchidiidae, na konokono na koa wa nchi kavu)

Angalieni Sacoglossa wako wapi. Elysia ni Sacoglossa. Jina Panpulmonata lilitolewa mwaka 2010 na Jörger na wenzake walipoonyesha kwamba Sacoglossa na Acochlidia, waliohesabiwa Opisthobranchia tangu zamani, wanaangukia upande wa Pulmonata. Ukitaka kuiokoa Opisthobranchia iwe kundi kamili lenye babu mmoja na wazao wake wote, itabidi uingize ndani yake hata Achatina, konokono mkubwa wa nchi kavu. Hapo jina halina kazi tena.

Mwl_Kongwa

Mkuu Makulu, hoja nimeielewa na mti ninaukubali. Tatizo langu ni la darasani. Tuko mamia ya kilomita kutoka baharini, hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kumwona Hexabranchus. Nikiwaambia Euthyneura na Caenogastropoda watakariri tu. Kuna kitu cha huku huku cha kushika mkononi kinachoonyesha tofauti hizo mbili?

Hombolo_Maji

Mwalimu, kipo, na ni cha bei ya chandarua kibovu na ndoo. Mabwawa yetu yana makundi yote mawili yakiishi kwenye tope moja.

Chukua kichujio cha matundu ya milimita 1 hadi 2, kipitishe kwenye majani yaliyozama ukingoni na juu ya tope. Vaa buti na glavu ndefu, usiingie majini bila kinga, kwa sababu Bulinus ndio wabebaji wa kichocho cha mkojo. Wanafunzi wasiingie kabisa, waletewe konokono kwenye chombo.

Mezani, hatua ya kwanza ni kifuniko. Mguse mnyama ajivute ndani. Akiziba mlango kwa kibamba kigumu kilichoshikamana na mguu wake, huyo ni Caenogastropoda: Melanoides tuberculata mrefu kama msumari mnene, au Lanistes wa mviringo. Akijivuta ukabaki unaona nyama tupu, huyo ni Panpulmonata: Bulinus, Radix, au Biomphalaria wa bapa ukimpata.

Hatua ya pili ni upande wa mlango. Shika ganda ncha ikiwa juu, mlango ukikutazama. Melanoides na Radix mlango uko kulia. Bulinus uko kushoto. Na hapa ndipo wanafunzi huanguka, kwa sababu Lanistes naye mlango unaonekana kushoto, wakamweka na Bulinus. Mwili wa Lanistes umejengwa kwa mpango wa kulia kabisa. Ni ganda lake tu lililojisokota kuelekea upande usiotarajiwa. Kifuniko ndicho kinachokuokoa. Kwa hiyo fundisha kifuniko kwanza, upande baadaye, usigeuze.

Mpwapwa_Maabara

Naongeza onyo kwa wale watakaotumia konokono wakubwa wa nchi kavu, jamii ya Achatinidae. Kiangazi chetu kinapokolea wanajifukia na kuziba mlango kwa utando wa kamasi uliokauka, mweupe na mgumu kama karatasi ya boksi. Mwanafunzi akiuona anaandika "ana kifuniko" na jibu linakuwa kinyume. Tofauti yake: utando haujashikana na mguu, unavunjika ukibonyezwa kwa kidole, na mnyama akimwagiwa maji ya uvuguvugu anautoa na kuuacha. Kifuniko cha kweli kinatoka na mnyama na kurudi naye.

Kwa wanaotaka kupasua: chemsha maji, yaache yapoe chombo kikiwa kimefunikwa, ujaze chupa hadi ukingoni, umtumbukize konokono na kufunga bila kuacha hewa. Saa 12 hadi 24 atakuwa amekufa akiwa amenyooka. Ukimtumbukiza moja kwa moja kwenye spiriti anajikunja na huoni kitu. Kisha kata ganda kwa mkasi mnene ukifuata mzunguko kuanzia mlangoni, ondoa vipande, fungua paa la pafu kutoka mbele, halafu pasua ngozi ya kichwa katikati kutoka mdomoni kwenda nyuma. Nyuma tu ya bonge la mdomo utaona pete ya neva nyeupe iliyozunguka umio, ganglia zake (vifundo vya neva) zimesongamana pamoja. Hiyo pete fupi isiyopishana ndiyo alama ya Euthyneura.

Glavu ni lazima hapa pia. Konokono wa nchi kavu anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, inayoweza kumwingia binadamu ikafika kwenye utando wa ubongo. Meza ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Bint_Bahi

Nina swali kwa mwanzisha uzi na kwa kaka wa Mpwapwa. Mnasema pete ya neva isiyopishana ndiyo alama ya Euthyneura. Lakini Acteon, konokono mdogo wa baharini ambaye vitabu vya zamani vilimweka Opisthobranchia, ana neva zinazopishana, ana ganda kamili na ana kifuniko akiwa mkubwa. Ama Acteon si wa huko, ama alama yenu si alama. Ipi?

Makulu_Baiolojia

Dada Bahi, swali zuri sana, na jibu linahitaji turudi nyuma kidogo.

Gastropoda wote wana tukio moja katika ukuaji: sehemu ya juu ya mwili wa lava, yaani viungo vya ndani, joho na ganda, inazunguka takriban nyuzi 180 juu ya mguu na kichwa. Mkundu na chumba cha joho vinahamia mbele, juu ya kichwa. Neva mbili ndefu zinazokwenda kwenye viungo vya ndani zinavutwa na mzunguko huo hadi zinapishana kama tarakimu 8. Kauri, Melanoides na Lanistes wanabaki na neva hizo zilizopishana maisha yao yote.

Katika Heterobranchia mzunguko ule unapungua au unafidiwa, chumba cha joho kinasogea kulia au nyuma, na neva zinanyooka. Kosa la wataalamu wa zamani lilikuwa kudhani kunyooka huko kulitokea mara moja, kwa njia moja. Kuna wanyama ambao kitanzi chenyewe kimefunguka kwa sababu mwili umerudi nyuma. Kuna wengine, kama huyo Achatina wa kaka wa Mpwapwa, ambao kitanzi kimefupishwa mno, ganglia zote zikavutwa mbele hadi hakuna tena urefu wa kupishana. Matokeo yanafanana, njia ni mbili. Kwa hiyo neva peke yake haitoshi kuamua tawi. Acteon anakaa karibu na shina, amebaki na sura ya kale: ganda, kifuniko, neva zenye msokoto. Hiyo inatuonyesha babu wa Euthyneura hakuwa koa. Alikuwa konokono mwenye nyumba yake.

Alama inayoshika vizuri zaidi kwa Heterobranchia nzima iko kwenye ncha ya ganda. Lava hujenga ganda linaloelekea kushoto, halafu mnyama anapokomaa ganda linageuza mwelekeo na kwenda kulia. Ukitazama ncha ya ganda la Acteon au la Architectonica, konokono mwingine wa baharini, kwa lenzi ya mara 20 hadi 40 utaona kijiganda cha utotoni kimelala ubavu au kimepinduka. Haszprunar mwaka 1985 alilitumia jambo hili kati ya ushahidi wake alipoipa Heterobranchia maana tunayoitumia leo. Kwenye koa wasio na ganda alama imepotea pamoja na ganda, lakini lava wa koa hao bado anaanguliwa na ganda dogo lililosokotwa, na mara nyingi kifuniko juu, kisha anavitupa vyote anapobadilika umbo. Mfuate lava, usimfuate mzazi.

Bint_Bahi

Nimeridhika kuhusu Acteon. Basi eleza lililobaki: kama babu alikuwa na ganda, kwa nini ganda lipotee mara nyingi na kwenye matawi tofauti? Ganda ni kinga. Mnyama anayeacha kinga anapaswa kuliwa na kutoweka.

Chamwino_Jeni

Hilo niachieni mimi.

Faulkner na Ghiselin mwaka 1983 walipendekeza kwamba kinga ya kemikali ilitangulia, ganda likafuata kupungua. Mnyama aliyekwisha kuwa mchungu au mwenye sumu hana sababu ya kulipa gharama ya kujenga chokaa, na bila ganda anaingia kwenye nyufa, anajipinda juu ya sponji, anaogelea. Mpangilio huo unaonekana vizuri ukipita tawi kwa tawi, kwa sababu kila tawi lina kinga yake na karibu zote zinategemea chakula.

Chromodoris, ambao ni Nudibranchia, wanakula sponji na kuhifadhi sumu yake, latrunkulini A, kwenye ukingo wa joho, mahali samaki anapouma kwanza. Kwa wengine wa familia hiyo utaona vifuko vyeupe vya kuhifadhia ukiangalia ukingo kwa lenzi. Hexabranchus huchukua sumu ziitwazo kabiramidi kutoka kwenye sponji na kuziweka hata kwenye utepe wa mayai. Pleurobranchida wanatoa asidi ya salfuriki kwenye ngozi. Aplysia hutoa wino wa zambarau unaotokana na rangi za mwani mwekundu, na bado ana kibamba kidogo cha ganda ndani ya mgongo, kwa hiyo mnamwona katikati ya safari. Halafu kuna wale wenye serata, vile vidole vya mgongoni: hula haidroidi na anemone, wanyama wa baharini wanaowasha, wanameza seli za kuwasha bila kuzilipua, wanazipeleka kwenye vifuko vya ncha za serata na kuzitumia kama zao. Glaucus atlanticus hufanya hivyo kwa Physalia, mnyama wa kuelea mwenye minyiri inayowasha vikali, ndiyo maana kumshika mkononi ni hatari kuliko umbo lake linavyodokeza.

Na mzazi mwenye ganda wa upande wa Nudibranchia hatukuachwa tumkisie tu. Kano na wenzake mwaka 2016 walionyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa Nudipleura walio hai ni Ringiculoidea, wadogo wa milimita chache wenye ganda nene, wanaofukia mchangani. Kabla ya hapo watu walikuwa wanatafuta ndugu wa Nudibranchia miongoni mwa koa wengine, kwa sababu walikuwa wanafuata sura.

Wapo hata waliokwenda njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Juliidae ni Sacoglossa wenye ganda la vipande viwili kama chaza. Kwa miaka mingi maganda yao yalihesabiwa kuwa ya baivalvia. Mwaka 1959 Kawaguti na Baba walieleza mnyama aliye hai kutoka Japani, akitambaa juu ya mwani wa Caulerpa, kichwa cha koa kikitokea katikati ya vipande viwili. Ganda pia linadanganya, si kukosa ganda peke yake.

Hombolo_Maji

Chamwino, nakubaliana na mengi lakini nina ubishi. Zipo kazi zilizotumia jenomu nzima (DNA yote) ya mitokondria, vile viungo vya nishati vya seli, na miti yao iliwakusanya Opisthobranchia pamoja, Stylommatophora (konokono na koa wengi wa nchi kavu, akiwemo Achatina) wakatupwa chini kabisa ya shina. Jenomu nzima ina data nyingi kuliko jeni tatu nne. Kwa nini tuziache hizo tuifuate Panpulmonata?

Chamwino_Jeni

Kwa sababu wingi wa herufi hausaidii kama herufi zenyewe zimechakaa. Mitokondria ya Stylommatophora imebadilika kwa kasi kubwa mno. Kwenye mti inatoa tawi refu, na mbinu za kujenga miti zina udhaifu wa kuvuta matawi marefu pamoja au kuyasukuma kuelekea shina, hasa ukitumia kundi la nje (wanyama wa kulinganishia wasio wa ukoo huo) ambalo nalo liko mbali. Kufanana kwa bahati kunahesabiwa kama udugu. Unapata asilimia 100 za uhakika kwa jibu lisilo sahihi, maana hesabu ya kurudiarudia inapima uthabiti wa jibu, haipimi ukweli wake.

Ukitaka kujipima mwenyewe, chukua data hiyo hiyo ufanye mambo matatu. Toa nafasi ya tatu ya kila kodoni, yaani kundi la herufi tatu za DNA, nafasi ambayo hubadilika upesi kuliko nyingine. Ondoa spishi zenye matawi marefu kupita kiasi, ujenge tena. Badilisha kundi la nje. Mti ukibadilika kwenye mzizi kila unapogusa kitu, data haina nguvu ya kujibu swali la kina hicho. Jeni za kiini cha seli, na baadaye data za mamia ya jeni zilizosomwa kupitia RNA, zinairudisha Sacoglossa upande wa Panpulmonata. Kazi ya Krug na wenzake ya 2022 inaweka Sacoglossa na Siphonaria karibu na mzizi wa Panpulmonata, jambo linaloeleweka pia kwa maisha yao: baharini na kwenye miamba inayofunikwa na maji, kabla ya hawa wa nchi kavu.

Mwl_Kongwa

Wanafunzi wakisikia Elysia watauliza jambo moja tu: ni kweli koa huyu ameiba jeni za mmea akawa anajitengenezea chakula kwa jua? Nimeliona likiandikwa mahali pengi kama jambo lililothibitishwa.

Chamwino_Jeni

Mwalimu, tenganisha sehemu mbili.

Kuhifadhi kloroplasti, zile chembe za kijani za usanisinuru, ni kweli. Elysia chlorotica wa pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini hunyonya mwani Vaucheria litorea, anameng'enya vingine na kubakiza kloroplasti ndani ya seli za tezi yake ya mmeng'enyo, zikiendelea kufanya kazi kwa miezi. Spishi nyingine zinabaki nazo kwa siku au wiki tu, inategemea mwani na koa.

Kuiba jeni hakukusimama. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba jeni ya psbO ya mwani, inayohusika na usanisinuru, ilipatikana kwa Elysia chlorotica. Mwaka 2013 DNA ya mayai ya spishi hiyo ilisomwa, na jeni za mwani hazikuonekana kuwemo kwenye urithi wake. Mayai ndiyo kipimo kizuri, kwa sababu hayajawahi kugusa mwani, hivyo hakuna uchafuzi wa chakula. Maelezo yenye nguvu zaidi yako kwa kloroplasti yenyewe: ile ya Vaucheria ina jeni yake ya ftsH, inayohusika na ukarabati wa mashine ya kupokea mwanga, kwa hiyo inadumu kuliko nyingi zingine.

Na kuhusu kuishi kwa jua: majaribio yaliyotolewa 2014 yaliwaweka Plakobranchus ocellatus na Elysia timida gizani, au kwenye kemikali inayozuia usanisinuru, na waliendelea kuishi kwa miezi kama wenzao waliokuwa kwenye mwanga. Wanafunga kaboni kwenye mwanga, hilo limepimwa, lakini kusema hawahitaji kula ni kuvuka ushahidi. Waandikie wanafunzi hivyo hivyo.

Bint_Bahi

Kuna wanafunzi wa shahada wanaotaka kushuka pwani kuchukua sampuli na kuzileta maabara huku. Tupeni utaratibu kamili, hasa mahali watu wanapoharibu.

Mpwapwa_Maabara

Kwanza vibali. Cha utafiti, na kama mnaingia hifadhi ya bahari kama ile ya Mafia, ruhusa ya hifadhi yenyewe. Zanzibar ina mamlaka yake, msidhani karatasi ya bara inatosha.

Picha kabla ya yote. Mnyama akiwa hai, ndani ya sahani nyeupe na nyingine nyeusi yenye maji ya bahari, juu, ubavuni, chini ya mguu, na rula pembeni. Rangi inapotea kwenye spiriti ndani ya siku chache na hairudi. Andika alichokuwa juu yake: sponji gani, mwani gani, na chukua kipande chake kwenye kichupa chenye namba ile ile. Chakula ni nusu ya utambulisho.

Kulegeza misuli: gramu 75 za magnesi kloridi yenye maji sita ya fuwele kwa lita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo ya bahari. Ianze nusu kwa nusu na maji ya bahari, uongeze taratibu hadi mnyama asijikunje ukimgusa pembe za kunusia. Dakika 20 hadi 60 kwa wadogo, zaidi kwa Aplysia na Hexabranchus. Kosa la kawaida ni kupima gramu 75 za chumvi kavu isiyo na maji ya fuwele. Hiyo inatoa mchanganyiko mkali mara mbili na zaidi, mnyama anajikunja na kuacha serata zake. Ya kavu inatakiwa takriban gramu 35. Soma lebo ya kopo kabla hujapima.

Kipande cha DNA: milimita 2 hadi 3 kutoka ukingo wa nyuma wa mguu, kisu kikiwa kimepitishwa kwenye spiriti na moto kati ya mnyama na mnyama. Usikate tumboni wala kwenye serata. Mle kuna chakula, na utakuja kusoma DNA ya haidroidi ukiamini ni ya koa. Weka kwenye ethanoli ya asilimia 95 au 96, kiasi cha mara 10 ya ukubwa wa kipande, ubadilishe baada ya saa 24 kwa sababu maji ya mwilini yameishusha nguvu. Spiriti ya dawa ya asilimia 70, au ile ya kuwashia majiko, haifai kwa hatua hii.

Mwili uliobaki, kama unataka anatomia, uende kwenye formalini: sehemu 1 ya ile ya dukani kwa sehemu 9 za maji ya bahari, umetia boraksi kuondoa asidi. Bila boraksi asidi itakula vijiti vya chokaa ndani ya ngozi ya dorid (jamii ya Chromodoris na Hexabranchus) na kile kiganda cha ndani cha Aplysia, na hivyo ni sehemu ya utambulisho. Siku 2 au 3, suuza, hamishia ethanoli ya asilimia 70. DNA ya mwili huo ihesabu imeharibika, ndiyo maana kipande kilitangulia.

Radula (utepe wa meno wa mdomoni): toa bonge la mdomo, lilaze kwenye potasi haidroksidi ya asilimia 10 usiku mzima kwenye joto la chumba. Nyama inayeyuka, kitini inabaki. Suuza mara tatu kwa maji. Sacoglossa watakuonyesha safu moja tu ya meno, na yaliyochakaa yamekusanyika kwenye kifuko chini ya radula, hayatupwi. Chromodoris wana safu nyingi zenye meno mengi. Phyllidia na Dendrodoris hawana radula kabisa, wananyonya sponji iliyolainishwa. Ukikosa kitu kwa hao usirudie kuchimba, ndivyo walivyo.

Chamwino_Jeni

Naongeza upande wa maabara. Kamasi ya koa ina sukari ndefu zinazotoka pamoja na DNA na kuzuia PCR, yaani kunakili DNA maabara. Dalili: kipimo cha spektrofotomita kinaonyesha DNA nyingi, lakini jeli haina mstari. Kabla ya kutoa upya, zimua mara 10, kisha mara 50, ujaribu tena. Mara nyingi tatizo linaisha hapo. Lisipoisha, rudia utoaji kwa njia ya CTAB, kemikali inayotenganisha DNA na sukari hizo.

Kwa COI, jeni ya mitokondria, tumieni vianzishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) vya Folmer, LCO1490 na HCO2198, vinatoa herufi 658. Joto la kushikana liwe kati ya nyuzi 45 na 50, mizunguko 35 hadi 40, na kila mara bomba moja lisilo na DNA kama kipimo cha uchafu. COI inatenganisha spishi, basi. Msijenge nayo mti wa Euthyneura. Kwa matawi ya kati ongezeni jeni za 16S na H3, na kwa ya chini zaidi 28S na 18S. Anayetaka kusoma RNA achukue sampuli nyingine tangu pwani, kwenye kihifadhi cha RNA. Kipande cha ethanoli hakitamsaidia.

Mwl_Kongwa

Na majina? Vitabu vya picha vinapingana. Kimoja kinasema Chromodoris, kingine Goniobranchus, mnyama ni yule yule.

Makulu_Baiolojia

Mwalimu, mwaka 2012 Johnson na Gosliner walipitia familia ya Chromodorididae kwa DNA na kukuta Chromodoris ya zamani ilikuwa mkusanyiko wa matawi tofauti. Nyingi zilihamia Goniobranchus. Kitabu cha kabla ya hapo kitumie kwa picha, jina ulihakiki kwenye orodha ya dunia ya spishi za bahari.

Pwani yetu ina historia ndefu katika majina haya. Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Uingereza wa Afrika Mashariki kuanzia 1900 hadi 1904, ndiye aliyeandika mfululizo wa maelezo ya Nudibranchia wa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki. Chromodoris africana ni jina lake la 1904. Miaka ya 1970 mtafiti Rudman akaendelea na chromodorid wa Tanzania. Kwa hiyo anayefanya kazi hii asianzie picha za Australia na Ufilipino. Aanzie maelezo ya wanyama wa kwetu, ndipo alinganishe. Rangi peke yake isimpe mtu ujasiri: Chromodoris wa spishi tofauti wanaoishi eneo moja huvaa mistari inayofanana, na spishi moja hubadilika kutoka eneo hadi eneo. Kinachomwonya samaki kinamchanganya pia mtafiti.

Hombolo_Maji

Turudi kwa koa wa mchicha, maana uzi ulianza naye na hatujamwangalia. Huku anaweza kuwa wa aina mbili. Akiwa na kitambaa cha joho sehemu ya mbele ya mgongo tu, tundu la kupumulia linaloonekana ubavu wa kulia, na shimo dogo la kamasi kwenye mkia, huyo ni Urocyclidae, yaani Stylommatophora kama Achatina. Pembe zake za macho zinajipindua ndani kama soksi. Akiwa amefunikwa mgongo mzima na ngozi ngumu kama ya kiatu, bila tundu ubavuni, pembe zinajikunja bila kujipindua na zile za chini zimegawanyika ncha, huyo ni Veronicellidae, mara nyingi Laevicaulis.

Makulu_Baiolojia

Na hao wawili walipoteza ganda kila mmoja kwa njia yake. Ndugu wa karibu wa Laevicaulis ni Onchidiidae, koa wa magamba-magamba wanaokula utando wa mwani kwenye miamba na mikoko maji yakipwa. Wakishuka pwani, hao wanafunzi wa shahada wamtafute Peronia kwenye mwamba saa ya maji kupwa, wamweke sahani moja na Laevicaulis kutoka bustanini, wawageuze wote chali. Mguu mwembamba katikati, joho nene limeuzunguka pande zote, mkundu nyuma. Mpango wa mwili ni ule ule, mmoja ametoka kwenye chumvi, mwingine kwenye mchicha.

Mwl_Kongwa

Basi Laevicaulis naanza naye mimi mvua zikinyesha. Vipi kumnyoosha, ni yale yale maji yaliyochemshwa?

Mpwapwa_Maabara

Yale yale, ila mpe saa 24 kamili, ngozi yake haipitishi haraka. Akiguswa na bado anajikunja, badilisha maji kwa mengine yaliyochemshwa na kupoa, umwongezee saa 6. Usimtie chumvi. Atatoa kamasi hadi umbo lipotee, na sampuli hiyo haitakufaa tena.